Kibuyu cha zeze huchaguliwa kwa sikio

Watu wakija kibandani kwangu hapa Dodoma, wengi hushika kwanza vibuyu vyenye michoro. Nami naipenda michoro, tena ndiyo inayolipa kodi ya banda. Lakini anayetaka kibuyu cha zeze, ile ala ya nyuzi, namwambia afumbe macho, agonge.

Gonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Ganda jembamba huitika upesi, sauti kali ya juu, halafu basi. Ganda nene lililokomaa shambani linavuta: sauti nzito inakaa kidogo ndani kabla ya kutoka. Hilo ndilo litakalobeba ngozi ya mbuzi, mti na mkazo wa nyuzi bila kupasuka. Kile chembamba nakiweka kando, kitakuwa manyanga. Manyanga yanataka wepesi, mtu ayatikise usiku kucha asichoke. Natia mtama nikitaka mchakacho laini, kokoto ndogo nikitaka yasikike katikati ya ngoma.

Kibuyu kivunwe kikonyo kimeshakauka. Kikichumwa kibichi hunyauka na kuoza. Kisha kitundikwe kivulini penye upepo, na hapo ni kungoja miezi. Kitaota ukungu, kitapata madoa meusi. Usikitupe! Ukikitikisa ukasikia mbegu zinacheza, kiko tayari. Nakiloweka, nakisugua kwa gunzi na mchanga mpaka rangi ya asali itokeze. Wakati wa kukwangua ndani najifunga kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi lake ni chungu na linabana kifua. Vijana ninaowafundisha hawakipendi hicho kitambaa, na kwa hilo simlegezei mtu.

Michoro naichoma kwa msumari wa moto, juu juu tu. Ukizamisha, umeufungulia ufa njia.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa huku kwetu aliyefariki mwaka 2003, alilifikisha zeze kwenye majukwaa ya Ulaya, na alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nikisikiliza rekodi zake nakisikia kibuyu kabla ya nyuzi. Ndiyo maana inaniuma kuona vibuyu vinapungua mashambani. Zamani maji, maziwa na pombe vilikaa humo, kwa hiyo watu walipanda. Sasa kuna madumu ya plastiki, nani ajisumbue? Na mkulima akiacha, fundi wa zeze atashika nini?

Basi napanda mwenyewe, mvua za Desemba zikianza, chini ya uzio ili vitambae juu. Kinachoning'inia hutoka mviringo mzuri. Kinacholala chini hubonyea upande mmoja.

Ninachotafuta msimu huu ni mbegu ya vile vibuyu vya zamani, vipana vyenye ganda nene. Mwenye nayo, awe Mpwapwa, Kondoa au Manyoni, tubadilishane. Hata kiganja kimoja kinatosha, na gharama ya kuituma kwa basi nitalipa mimi.