Siku moja Kibirizi: mashua ya mbio kwa asiyetumia miguu

Saa kumi na mbili asubuhi mitumbwi ya dagaa inaingia Kibirizi, mwalo wetu wa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, nami nafungua karakana. Chai, mihogo, kunoa randa, kukoroga rezini, ile gundi inayoganda. Hadi saa tatu hakuna la kusimulia.

Narekebisha mashua ndogo za tanga kwa wanamichezo wenye ulemavu. Wapita njia mwaloni hudhani ni vyombo vya kuwapunga upepo wagonjwa. Jamani, huu ni mchezo wa mbio! Ulikuwa na medali zake Paralimpiki, kuanzia Sydney 2000 hadi Rio 2016, kisha Tokyo 2020 ukaachwa nje, jambo linaloniuma mpaka leo. Mshindani wa peke yake alitumia 2.4mR, chombo cha mita 4 na kidogo: unakaa chini kabisa ukitazama omo (mbele ya chombo), kamba zote zinakujia mbele. Mpangilio huo ndio ninaoufuata kwa plaiwudi na mninga.

Saa tatu kijana akafika kwa bajaji. Alikuwa mkwezi wa michikichi. Alianguka, akaumia uti wa mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka hahisi kitu. Kwa hiyo kabla hajakalia kiti nakipapasa chote polepole, natafuta kichwa cha skrubu, tone la gundi lililokauka, mshono wa sponji. Wewe ukikalia msumari utaruka. Yeye ataukalia mbio nzima, na kidonda atakiona mkewe jioni. Leo nimekuta kibanzi pale linapokaa paja la kushoto. Nikapiga msasa, nikapapasa tena kwa mgongo wa mkono, maana kiganja changu kimeota sugu.

Saa nne akaja bwana aliyelipia mbao, na siku ikakwama hapo. Amesimama kando ya kijana, ananiuliza mimi: "Huyu ataweza kushika kamba?"

"Mzee, muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Akataka mikanda miwili ya kumfunga kifua asidondoke. Nikaeleza: chombo kikipinduka, aliyefungwa hivyo anazama nacho. Mkanda ni mmoja, wa kiunoni, na lazima ufunguke kwa kuvuta mara moja, kwa mkono wowote, hata chini ya maji. Akataka tanga lipunguzwe, kijana asihangaike. Nikaeleza tena: wapinzani wake wana tanga kamili, ukimpunguzia umemfanya ashindwe mbio kabla hazijaanza. Akataka basi nipande naye, nishike kana ya usukani mimi. Rezini ikagandia kwenye kopo, na hapa Kigoma rezini si kitu cha kutuma mtoto dukani.

Kijana ndiye aliyemaliza: "Mzee, nimekwea michikichi tangu mdogo. Kamba naijua. Niachie tanga langu."

Bwana akaondoka amenuna, na hela ya roda, vigurudumu vya kupitishia kamba, akaondoka nayo.

Chakula cha mchana kilinipita. Jua likiwa kali tukashusha chombo majini. Mabaharia wengine huhamia upande wa upepo kuzuia mashua isilale. Yeye hahami, kwa hiyo chuma kizito chini ya mkuku ndicho kinachofanya kazi hiyo. Kizuri majini, lakini kukipandisha ufukweni kinavunja mgongo. Akabisha kuukabili upepo, akageuza, akabisha tena. Sijui ilikuwa saa ngapi aliporudi, uso umelowa, ana hasira.

"Fundi, roda ya demani, hii kamba ya tanga, iko nyuma mno. Kila nikibisha napoteza nguvu ya mkono."

Nikakaa mimi kwenye kiti, miguu nimeilegeza, nikavuta. Ni kweli. Nimeweka alama ya penseli mbele kidogo ya ilipo. Kesho naing'oa naisogeza, na ya pili nitaiazima kwa shemeji, kwenye mashua yake ya mizigo.