Hadi mkiani mwa Lancaster

Katika Vita vya Pili vya Dunia, babu wa mke wangu alikuwa mpiga bunduki wa mkiani katika ndege za mabomu za Uingereza aina ya Lancaster. Aliruka kutoka East Kirkby, Lincolnshire, kipupwe cha 1943 kuingia 1944, Berlin ilipokuwa ikishambuliwa mara kwa mara. Kiwanja kile bado kipo, na ndani yake mna Lancaster ambayo injini zake zote nne zinawaka mpaka leo.

Kutoka London nilipanda treni King's Cross hadi Lincoln, mwendo wa saa mbili hivi. Kusini mwa mji, juu ya kilima, kuna mnara wa chuma wenye kimo cha mita 31, sawa na upana wa mabawa ya Lancaster. Kuta zinazouzunguka zina majina ya marehemu karibu 58,000 wa vikosi vya mabomu vya Uingereza. Ni mahali pa kwenda bila haraka.

East Kirkby iko mashambani, kwa hiyo kodi gari. Ndege iliyopo iliundwa 1945, haikuwahi kupigana. Ilinunuliwa na ndugu wawili wakulima, Fred na Harold Panton, kumkumbuka kaka yao Christopher, aliyeuawa katika shambulio la Nuremberg usiku wa Machi 30, 1944. Ndege 95 hazikurudi usiku ule. Ukitaka kupanda ikitembea ardhini, weka nafasi mapema sana.

Mlango uko ubavu wa kulia, karibu na mkia. Katika watu saba wa ndege, sita walikata kulia kwenda mbele. Mmoja alikata kushoto, akatambaa hadi kwenye kibanda cha vioo kinachozunguka, chenye bunduki nne za rashasha, akafunga vijilango nyuma ya mgongo wake. Humo hata goti halinyooki. Baridi ilifika nyuzi 40 chini ya sifuri, ndiyo maana alivaa suti yenye nyaya za umeme. Waya ukikatika, vidole viliganda. Mvuke wa pumzi nao uligeuka barafu ndani ya bomba la oksijeni, ikabidi alibinye mara kwa mara kuivunja.

Parachuti haikuenea humo, ikaachwa nje ya vijilango. Ili aruke, alinyoosha kibanda kielekee nyuma, akafungua vijilango, akaivuta parachuti, akaibana kifuani, akazungusha kibanda upande, kisha akajitupa kinyumenyume. Pampu ya haidroliki iliyokizungusha kibanda ikifa, alikizungusha kwa mkono. Moto ukiwahi parachuti, basi tena. Mpiga bunduki wa mkiani mwingine, Nicholas Alkemade, alikutwa na hilo Machi 1944. Aliruka bila parachuti kutoka futi 18,000, akapokewa na misonobari na theluji, akapona.

Wengi hudhani kazi ya mpiga bunduki wa mkiani ilikuwa kufyatua risasi. Kwangu mimi, kazi yake ilikuwa macho. Risasi zake zilikuwa ndogo, milimita 7.7, huku ndege za Kijerumani zikibeba mizinga ya milimita 20. Akiona kivuli, alipiga kelele kumwambia rubani apinde kushoto au kulia, na ndege ikazama ikijisokota. Baadaye Wajerumani walifunga mizinga inayoelekea juu, wakaja chini ya tumbo, mahali ambapo yeye hakuweza kuona.

Mwenye ndugu wa namna hii amalizie safari Kew, London, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Aombe mafaili ya AIR 27 kwa namba ya kikosi: humo mna kila usiku, kila ndege, na majina ya waliokuwamo.