Jinsi Nilivyowapatia Bundi Makao Nyuma ya Nyumba
Sanduku nililolitundika kwenye mti wa grevilea nyuma ya nyumba yangu, mtaani Lang'ata, lilikaa miezi saba bila bundi hata mmoja, kwa kuwa mlango wake ulikuwa karibu na sakafu na mvua ya masika ilituama ndani. Nililishusha, nikatoboa matundu madogo ya kutolea maji, kisha nikauhamisha mlango, wenye upana wa sentimita 15, hadi sentimita 45 juu ya sakafu ili makinda yasianguke. Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuwasihi majirani, ambao huuhesabu mlio wa bundi kuwa mkosi, waache kutumia sumu ya panya, kwani bundi akila panya mwenye sumu naye hudhurika. Tangu Agosti, jozi moja hulala humo.