Nusu mwaka, na vurugu zake

Binti yetu katimiza miezi sita, sasa hakuna kilicho salama. Kijiko anakishika mkono huu, anakihamishia ule, kisha mdomoni. Akikaa bado anayumba kama mtumbwi, labda umwekee mto nyuma.

Jana kliniki kapewa matone ya vitamini A, na uzito umeshapita mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Uji tumeanza, vijiko viwili vitatu tu, uwe mzito usichuruzike. Natia dagaa wa Mwaloni, soko la samaki la Mwanza: nawachambua, naosha mchanga wote (na upo!), nakausha, nasaga laini. Chumvi siweki, asali mpaka apite mwaka. Kunyonya kuko palepale. Bibi yake anataka aonje sato. Mama, miiba kwanza!