Sisi ngapi?

Mwezi jana nilikwenda kwenye mkusanyiko wa waendesha pikipiki upande wa Kilifi. Nilivutwa na rafiki yangu wa hapa hapa Malindi, ambaye mambo hayo yamemwingia damuni. Picha iliyo kwenye simu yake si ya mkewe wala ya watoto, ni ya Sturgis, mji mdogo wa South Dakota kule Marekani ambao kila Agosti hufurika pikipiki kwa mamia ya maelfu. Mkutano ule ulianza 1938, atakwambia hata kama hukumuuliza. Yeye mwenyewe hata Garsen, hapo kaskazini yetu, hajafika.

Mimi ni fundi wa friji. Pikipiki yangu ni Boxer ya sisi 150, yaani cc, ukubwa wa injini; niliinunua kwa kazi, na kiti cha nyuma bado kina mchubuko wa mtungi wa gesi niliokuwa nikiufunga kwa mpira. Tulifika saa nne asubuhi, tukalipa kiingilio, tukapewa fulana zisizotutosha, tukapanga pikipiki safu moja. Basi. Kilichobaki ni watu kuzunguka wakitazama mashine za wenzao, na kila aliyenisogelea alikuwa na swali lile lile: "Yako sisi ngapi?" Nikisema mia na hamsini, jicho lishahamia kwa jirani yangu. Wa tatu nilimjibu, "Sisi wawili, mimi na yeye." Hakucheka. Kufika alasiri muziki ulikuwa mkubwa hata injini tulizokuja kuziona hazisikiki.

Nisiwe mchoyo wa fadhila lakini. Mzee mmoja wa Mombasa aliinama kwenye cheni yangu bila kuombwa, akaisukuma kwa kidole, akasema, "Mwanangu, umeikaza mno. Cheni huipimi pikipiki ikiwa tupu. Mkalishe mtu juu kwanza, ndipo uione ilivyo." Kumbe ukikalia, springi zikashuka, cheni huzidi kukaza. Miaka sita naendesha, sikuwa najua. Kwa hilo tu kiingilio changu kilirudi.

Jumapili iliyofuata nikatoka peke yangu, alfajiri, kuelekea kaskazini. Daraja la Sabaki nilikuta mto umebeba udongo wake mwekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Mambrui nikasimama kwa mahamri na mbaazi. Mbele ya hapo Kusi, upepo utokao kusini, ikanishika mgongoni.

Wanaojua Kusi ni watu wa majahazi, lakini hata mwenye pikipiki anapaswa kuijua. Ukienda kaskazini mwezi wa saba na upepo unakwenda njia yako, ukilingana nao mwendo kifua hakisikii kitu. Helmeti yanyamaza. Siku zote nilidhani ule mvumo masikioni ni wa injini, kumbe ni upepo nilioukata mwenyewe. Asubuhi ile nilisikia cheni yangu inavyopita kwenye meno, laini, bila kile kigugumizi chake cha zamani, nikamkumbuka mzee wa Mombasa. Kurudi ndiko kwenye adhabu: unaiweka gia ya nne, unalala juu ya tangi, na mafuta yanakwisha ukiyaona.

Nilikusudia Garsen. Nikakwama Gongoni, karibu na mashamba ya chumvi, pale marundo meupe yanapong'aa mpaka unafinya macho. Mwiba ulikuwa umezama kwenye tairi la nyuma. Kijana aliyekuwa na baiskeli alishuka, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Watoka wapi?" La pili, "Umekula?" Tukavua tairi, tukabandika kiraka, tukajaza kwa pampu yake ya mkono ambayo mpira wake ulikuwa umepasuka. Ilibidi mmoja afumbate ufa kwa kiganja huku mwingine akipiga. Tulibadilishana mara nne. Nilimpa shilingi 200, akachukua hamsini.

Garsen nikaiacha. Nikageuza, nikashika njia ya Marikebuni mpaka Marafa, nikafika Nyari saa kumi na moja. Watalii huliita bonde lile jiko la jehanamu. Wagiriama husimulia kwamba palikuwa na matajiri wa ng'ombe walioogea maziwa huku wenzao wakiwa na njaa, ardhi ikawameza. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Mvua ndiyo inayolichonga, najua, lakini saa ile, jua likilala na rangi ya chungwa ikipanda ukutani, sikuwa na hamu ya kubishana na mtu. Niliizima pikipiki na kukaa mpaka mlinzi akanikumbusha kwamba njia ya Marikebuni haina taa. Usiku nikaiosha cheni kwa maji baridi na kuipaka oili, maana upepo wa chumvi hauna huruma na chuma.

Jana rafiki yangu ameniandikia: Desemba kuna mkusanyiko mwingine, fulana zitakuwa nzuri zaidi. Nimemwambia siku hiyo nina shughuli Gongoni. Mpira wa pampu nishanunua, shilingi 150, nimeufunga kwenye kiti cha nyuma pale penye mchubuko.