Uzoefu wangu na ndigana kali: papasa tezi kwanza

Kupe mwekundu-kahawia wa masikioni akimuuma ndama, dalili za ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe huyo, hujitokeza baada ya siku 8 hadi 12 hivi. Mimi huanza na mikono kabla ya kipimajoto: chini ya sikio, kisha mbele ya bega. Tezi ya bega ya ndama mwenye afya hutafutwa kwa vidole ndipo ipatikane. Ya mgonjwa imejitokeza, ngumu kama yai la kuchemsha. Kipimajoto kikisoma 40 au zaidi pamoja na tezi hiyo, singoji kikohozi.

Maabara ikiwa karibu, tezi hutobolewa kwa sindano, ule ute ukapakwa kwenye kioo. Vimelea vya Theileria parva, vinavyoleta ugonjwa huu, huonekana ndani ya chembe nyeupe. Damu ya sikio peke yake hudanganya, maana mapema haionyeshi kitu.

Kinachoniuma ni kuona mnyama akichomwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini siku tatu, eti tuone kwanza. Dawa hiyo hutibu ndigana baridi (anaplasmosi), ugonjwa mwingine wa kupe. Ndigana kali iliyokwisha kushika haiponi kwayo, na siku hizo tatu ndizo za kumwokoa.

Dawa yenyewe ni buparvakwoni ya asilimia 5, ml 1 kwa kila kilo 20, kwenye msuli wa shingo. Ndama wa kilo 80 apewe ml 4. Ng'ombe wa kilo 400 apewe ml 20, kumi kila upande wa shingo. Uzito upimwe kwa utepe kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Ukikisia kidogo, dozi inapungua na homa inarudi. Homa isiposhuka, rudia baada ya saa 48 hadi 72. Maziwa na nyama visitumike mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe.

Povu likitoka puani, mapafu yamejaa maji. Hapo mwite daktari wa mifugo aongeze furosemaidi, dawa ya kupunguza maji hayo, na mgonjwa abaki kivulini. Kumswaga hadi joshoni humuua njiani.

Kuogesha kwa dawa ya kupe ni kila siku 7, na kupe wakizidi msimu wa mvua, mara mbili kwa wiki, kwa sababu kupe huhitaji siku kadhaa akinyonya kabla vimelea havijakomaa mateni. Ndani ya sikio bomba halifiki vizuri. Mimi hupaka dawa kwa kitambaa, nikiwa na glavu.