Meza yangu nyuma ya shuka

Mimi ni fundi cherehani, naishi Bagamoyo. Nilikwenda kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu kwa kazi ya siku moja, kupunguza kanzu mbili urefu, na sasa natimiza mwaka wa nne. Sipandi jukwaani wala silipwi. Kazi yangu ni maleba na vifaa: kila nguo inayovaliwa na kila kitu kinachoshikwa mkononi, kuanzia mkongojo wa mzee hadi kikombe cha kahawa.

Igizo lililonifunza kazi hii ni la mjane. Mumewe amefariki, mashemeji wanalitaka shamba la mikorosho, na yeye ana kitu kimoja tu cha kumtetea: Hati ya Hakimiliki ya Kimila yenye jina lake na la marehemu. Mwongozaji wetu, ambaye wote tunamwita Mwalimu, alisoma Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kile kilichoanzishwa 1981 na kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) mwaka 2007. Siku ya kwanza alinionyesha ile karatasi akaniambia, "Fundi, hii nayo ni mwigizaji. Isipoingia kwa wakati wake, hatuna mchezo."

Kijijini Mlingotini haikuingia kabisa.

Katika onyesho la pili shemeji anaikuta hati, anaisoma, anaitupa mkekani kwa dharau. Siku hiyo kijana wetu alipandwa na hasira za mhusika, akaikunja, akaitia mfukoni na kutoka nayo upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kilemba cha mtu. Onyesho la tano mjane akafungua sanduku mbele ya kijiji kizima, likawa tupu. Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama saa nzima. Kisha akainua mikono mitupu akasema, "Hata karatasi wamenichukulia." Watu wakaguna kwa uchungu, wakidhani ndivyo mchezo unavyokwenda. Lakini bila hati hakuna cha kupeleka barazani, ikabidi Mwalimu aukatishe mchezo mapema. Hakuna aliyenigombeza. Nilipanda daladala nikakaa kiti cha nyuma, na usiku ule chakula hakikupita.

Kesho yake nikaenda kwa seremala jirani, nikamwomba mlango mbovu aliokuwa ameuegemeza ukutani. Ndiyo meza yangu mpaka leo: mlango juu ya vigoda viwili, kitambaa cheusi juu yake. Nilipanga vifaa vyote kwa mfuatano wa maonyesho, kisha nikazungushia kila kimoja mstari wa chaki. Kikombe kina duara lake, mkongojo una mstari wake mrefu, hati ina mstatili wake pembeni kabisa, karibu na mkono wangu wa kulia. Nikawaambia waigizaji: anayekitumia ndiye anayekichukua, na akitoka nacho anakirudisha juu ya mchoro wake, hata kama anakimbilia kubadilisha nguo. Tangu hapo sihangaiki kukumbuka nini hakijarudi. Kitu kilichokosekana hakionekani kwa macho, lakini mchoro usio na kitu unaonekana mara moja.

Hati yenyewe niliitengeneza upya. Ile ya kwanza ilikuwa karatasi tupu, na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini ulikuwa ukiipeperusha kabla mtu hajaisoma. Safari hii niliibandika juu ya kitambaa cha kaniki, nikaikunja pindo pande zote nne kama leso ya mfukoni. Inatulia mkononi na haing'ai juani. Nilishona mbili. Ya pili inakaa kwenye mfuko wa aproni yangu na hakuna mwingine anayeigusa.

Kilichonipa kazi zaidi ni kwamba mchezo wetu hauna mwisho mmoja. Mjane akishafungua sanduku, Mwalimu anasimamisha kila kitu na kuwauliza watazamaji: huyu mama aende wapi? Wapo wanaosema arudi kwa wazee wa ukoo, wengine wanataka aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji, wengine Baraza la Ardhi. Nyuma ya shuka sisi hatujui watachagua nini, na wakishachagua hatuna hata dakika moja. Kwa hiyo mwisho wa meza niliugawa mafungu matatu. La ukoo lina buli la kahawa na tasbihi. La mwenyekiti lina rejesta na mhuri wa mbao. La baraza lina vigoda saba, kwa sababu sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka wajumbe 7, na wasiopungua 3 wawe wanawake. Waigizaji wanaobaki kwa onyesho hilo ni sita. Kigoda cha saba tunakiweka wazi, na Mwalimu anamwita mtu kutoka kwa watazamaji aje akikalie. Hapo ndipo ninapoupenda mchezo huu kuliko michezo yote tuliyowahi kufanya.

Nisisahau ile nguo. Mjane anatoka jukwaani akiwa mke wa mtu, amevaa khanga za kisutu, na anarudi katika nyeupe za eda. Katikati ni ngoma fupi tu. Mwanzoni tulitumia karibu dakika nzima na mpiga ngoma akawa anarudia mdundo uleule mpaka watu wanaanza kuzungumza. Nikamshonea gauni jeupe jepesi linalovaliwa ndani tangu mwanzo, mikono nimeikunja na kuifunga kwa uzi mmoja wa kuvuta. Kisutu kinashikwa na kulabu mbili. Mafundo yanayoonekana kwa mbele ni ya kushonewa tu. Mmoja anavuta kulabu, mwingine anashusha mikono, mimi namfunika mtandio. Tulifanya mazoezi tumefumba macho mpaka kila mkono ukajua unakokwenda. Sasa ngoma inapigwa mara moja tu na dada yuko mlangoni, anapumua taratibu, tayari kulia.

Mwaka jana tuliitwa tena Mlingotini. Wanawake wengi pale wanalima mwani, na wakati wa bamvu maji yanapotoka sana wote wako baharini, kwa hiyo safari hii tuliuliza kwanza habari za maji, ndipo tukapanga saa. Walikuja wakiwa bado na chumvi kwenye miguu. Mchezo ulipofika pale pa kuuliza, wakapiga kelele: barazani! Nikatoa vigoda saba. Mwalimu akamwita bibi mmoja wa mstari wa mbele, akakaa kigoda cha saba, akapewa hati aisome.

Aliishika mpaka mwisho. Waigizaji waliinama, watu wakapiga makofi, bibi akanyanyuka nayo akaja moja kwa moja nyuma ya shuka. Nikamwamkia. "Marahaba," akajibu, huku macho yake yakipita juu ya meza taratibu, kikombe, rejesta, mkongojo, mpaka akauona ule mstatili wa chaki. Akaiweka hati juu yake, akainyoosha pembe moja kwa kidole.

"Mwanangu," akasema, "na ile ya kweli inaombwa wapi?"

Nikamwambia aanzie ofisi ya kijiji, kwenye Halmashauri ya Kijiji.

"Haya," akasema. "Bamvu likiisha nakwenda."